Wasifu wa Fundi Baridi, Aliyetaka Kujua Kama Gari Linakuja

Huyu tuliyekuja kumzika leo, mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi. Alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa pili na wa kiume pekee wa mpiga chapa na mkewe, katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha sabuni. Dada yake, ambaye yuko nasi hapa, husema mtoto huyo alizaliwa kimya kabisa mpaka mkunga akampiga kofi la pili, "na hata hapo alilia kidogo tu, kama anayeomba radhi kwa kusumbua watu."

Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Sekondari aliifikia kwa shida na kuiacha katikati, baba yao alipoachishwa kazi. Baadaye alipata nafasi katika chuo cha ufundi, na mwaka 1973 akahitimu katika umeme na ufundi wa majokofu. Mwalimu wake aliandika kwenye cheti kwamba kijana huyu anasikiliza mashine kabla ya kuifungua. Ilikuwa sifa ya kweli, nayo ilidumu.

Karakana yake ilikuwa ya mlango mmoja, imebanana na duka la mbao, na ndani mlikuwa na harufu ya gesi, grisi na nyama iliyosahauliwa kwenye friji la mtu. Alitengeneza friji za mabucha, za hoteli ndogo, na zile za chanjo kwenye zahanati. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila akisema, watu walicheka. Mama mmoja alimjia akilalamika, "Fundi, friji langu linanguruma kutwa nzima!" Akamjibu bila kuinua macho, "Hata wewe mama, ukijazwa nyanya namna ile, utanguruma."

Mwaka 1979 alifunga ndoa na mshonaji wa sare za shule aliyekaa upande wa pili wa barabara. Kabla ya posa alikwenda mara tatu kumtengenezea cherehani. "Cherehani ilikuwa nzima," mkewe alizoea kutusimulia. "Kilichoharibika kilikuwa fundi mwenyewe." Walijaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume, wakaishi pamoja miaka thelathini na mitatu.

Tarehe 17 Juni 2012, mchana, mkewe alibanwa na kifua akiwa anashona. Kitinda mimba wao alipiga simu kuomba gari la wagonjwa. Akaambiwa: "Linakuja. Msimsogeze." Familia ikatii. Marehemu akasimama getini, akitazama barabara. Kila alipoona paa jeupe likipanda kilima, alitoka hatua mbele, kisha akarudi. Wakapiga tena. "Linakuja." Mama alifariki kwenye kiti, mkono wake ukiwa juu ya cherehani, na gari halikuonekana siku hiyo wala kesho yake. Familia ilipokwenda kuuliza, afisa alisema kumbukumbu zinaonyesha lilitumwa. Marehemu aliuliza swali moja tu: "Lilitoka, au halikutoka?" Afisa alifunga faili. Hakuna aliyewahi kumjibu.

Hapo ndipo alipoanza usikilizaji wa masafa, jambo ambalo wengi wenu mlimjua nalo. Alikwenda kwa muuza vifaa vya redio aitwaye Antena, akaomba ile redio ndogo ya mkononi inayoruka yenyewe kutoka masafa haya hadi yale na kusimama panapozungumzwa.

"Baridi, uzee huu ndiyo unataka kuanza kuchezea redio?" Antena alimtania.

"Nataka kusikia wanachoambiana wao kwa wao."

"Utasikia madereva teksi wakitukanana."

"Na gari la wagonjwa je?"

"Nalo utalisikia. Ila nisikilize, kaka. Hii ni ya kusikiliza tu. Haina kitufe cha kusemea, na wewe pia usiwe na mdomo. Ulichokisikia kinaishia sikioni. Ndivyo tunavyoishi sisi wasikilizaji."

Mwanzo ulikuwa wa kuchekesha, na familia imeomba usemwe. Aliweka redio juu ya meza ya jikoni, na kwa siku kadhaa hakusikia chochote isipokuwa mvumo mzito. Alizungusha kitufe cha kuukata, akabadilisha betri, akamlaumu Antena kwa kumuuzia takataka. Dada yake alikuja kumtembelea, akasimama mlangoni, kisha akachomoa waya wa friji ukutani. Mvumo ukakatika palepale.

"Fundi wa friji mzima, umekaa wiki unasikiliza friji lako!"

"Lilikuwa na mengi ya kusema," akajibu.

Tangu siku hiyo maziwa ya nyumba ile yalichacha mara nyingi, maana hakusikiliza bila kwanza kulizima friji. Alipandisha waya wa shaba juu ya paa, akajifunza kupanga masafa: ya zimamoto, ya walinzi wa maghala, ya teksi, na ya gari la wagonjwa.

Naam, gari. Sio magari. Mji huu mzima ulikuwa na gari moja la wagonjwa. Alichokisikia marehemu kila siku ni kituo kikimwambia dereva kuna mgonjwa fulani, na dereva akijibu yuko upande mwingine wa mji, au tairi limekwisha, au anasubiri mafuta. Wakati huohuo mtu mahali fulani ameambiwa kwenye simu kwamba linakuja. Lisemwe leo, mbele ya jeneza hili, kwa sababu wanaohusika hawapendi lisemwe: watu wa mji huu hawakufa kwa sababu siku zao zilifika. Walikufa wakitii agizo la kusubiri.

Mwaka 2015 mke wa mwokaji, jirani yake, alishikwa na uchungu, nao wakaambiwa gari linakuja. Marehemu alikuwa amemsikia dereva akisema gia haishiki. Akaenda kwenye uzio, akavunja ule mwiko wa wasikilizaji. Akaita juu ya uzio: "Jirani, msisubiri! Halijatoka, wala halitatoka!" Mwokaji akatafuta pikapu, na mtoto akazaliwa salama hospitalini.

Baada ya hapo geti lake halikukauka watu. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, ulipiga simu, kisha ukamkimbilia Baridi. "Fundi, linakuja?" Akisema ndiyo, ulisubiri. Akisema hapana, ulijitafutia njia. Watu walimwamini kuliko kituo chenyewe. Mabinti zake husema katika miaka ile alikula vizuri, akanyoa ndevu, na aliweza kumtaja mama yao bila kunyamaza katikati ya sentensi.

Tarehe 2 Agosti 2018 mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili alianguka bafuni. Mwanawe akaja mbio. Marehemu alikuwa amesikia muda mfupi nyuma kwamba gari limekufa barabarani. Akasema alichokijua: "Msisubiri, mwanangu." Wakampakia mwalimu kwenye gari la mizigo la rafiki, akiwa amelazwa juu ya magunia. Walipokuwa wamekwama kwenye foleni, gari la wagonjwa likasimama mbele ya nyumba tupu, taa zikiwaka, ndani mna muuguzi na mtungi wa oksijeni. Mwalimu alikata roho njiani.

Kilichotokea kinaeleweka kwa kila anayeanza usikilizaji. Redio ya aina ile husimama kwenye sauti ya kwanza inayoikuta, na haitoki hapo mpaka mazungumzo yaishe. Walinzi wawili wa maghala walikuwa wakitaniana kuhusu mpira. Wakati redio ya marehemu imenaswa na utani wao, dereva alitangaza kwenye masafa mengine kwamba injini imewaka na anaondoka. Antena alikuwa amemwonyesha jinsi ya kuwafungia nje wasemaji hovyo kama wale. Hakuwafungia, kwa sababu walimchekesha.

Mwana wa mwalimu alikuja siku ya tatu. Hakupiga kelele. Alisema, "Fundi, sisi tulikuuliza wewe." Akaondoka. Marehemu hakujitetea siku ile wala siku nyingine yoyote. Tangu hapo, aliyefika getini na kuuliza kama gari linakuja, alijibiwa, "Sijui, ndugu yangu. Kwa kweli sijui." Aliacha redio kwenye masafa ya gari la wagonjwa tu, akasikiliza bila kumwambia mtu, na wengine walifariki huku yeye akijua. Jambo hilo lilimla.

Mwaka 2020 kituo kilihamia kwenye mitambo mipya ambayo sauti zake zimefungwa, mtu wa nje asiweze kuzisikia. Redio mpya zilinunuliwa. Gari la pili halikununuliwa. Marehemu aliamini ni yeye aliyesababisha wafunge. Antena alimwapia kwamba miji yote inafanya hivyo. "Nyamaza, Antena," alisema. "Nimeshawazoesha watu kuuliza, sasa hakuna pa kuulizia." Aliendelea kuiwasha kila asubuhi. Ilitoa mvumo, na safari hii friji lilikuwa limezimwa.

Mwaka 2021 alipatwa na kiharusi kilichomlegeza upande wa kushoto. Alihudumiwa na binti yake mkubwa, ambaye familia inamshukuru. Alasiri ya tarehe 9 Februari mwaka huu alizidiwa ghafla. Kitinda mimba alipiga simu, akajibiwa: "Linakuja. Msimsogeze."

Watoto wakatazamana. Wakikaa, walimkumbuka mama yao. Wakiondoka, walimkumbuka mwalimu. Kwa mazoea ya miaka, wote wakageuka wakamtazama baba. Alielewa wanachouliza. Akasema polepole, kwa upande wa mdomo uliokuwa bado unamtii: "Hata mimi sijui, wanangu." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho.

Walisubiri. Kisha hawakuvumilia tena, wakambeba kwa blanketi hadi barabarani kusimamisha gari lolote. Alifariki mikononi mwao kabla gari halijasimama. Tuliuliza kituoni. Tumeambiwa kumbukumbu zinaonyesha lilitumwa.

Kuna watakaosema tumwachie Mungu. Mungu tumemwachia marehemu. Hilo gari moja ni la watu, wana ofisi na viti, na tulikwenda, tukaketi mbele yao, tukarudi mikono mitupu. Hatuna la kuwafariji waliobaki katika hilo, na hatutajifanya tunalo.

Marehemu ameacha dada yake mkubwa, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wakwe, wajukuu watano, na rafiki yake Antena, aliyekuwa kwake kama ndugu wa tumbo moja. Ameacha pia mtaa ambao jioni hii, mtu akianguka ndani yake, utapiga simu na kuambiwa usubiri.

Lala, Baba. Kusubiri kumekwisha kwako. Sisi tumo bado.