Harm Wubbolts Anaondoka Pampuni, Bahari Yake Inabaki Sebuleni

Ijumaa hii, tarehe thelathini Mei, Harm Wubbolts atatundika koti lake la mvua la njano kwenye ndoano ya Idara ya Pampu kwa mara ya mwisho. Ameitumikia Mamlaka yetu ya Maji kwa miaka thelathini na minane, na katika muda wote huo hakuna shamba hata moja la kaskazini hii ya Groningen lililofunikwa na maji yeye akiwa zamu. Sebule yake mwenyewe ni habari nyingine, na ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika wasifu huu.

Harm alianza kazi akiwa kijana wa kuondoa magugu kwenye chanja, yaani nondo za kuzuia takataka, za kituo cha pampu cha Oude Til. Baiskeli alizozitoa mtaroni zingetosha kufungua duka. Alitoa pia sofa mbili, na mti mmoja wa Krismasi ukiwa bado na taa zake. Kutoka hapo akawa mwendesha pampu, kisha mkuu wa zamu, na simu ya zamu ikilia, Harm alikuwa ameshavaa buti. Vijana wapya watamkumbuka zaidi kwa kopo la biskuti: kahawa moja, biskuti moja, kisha kifuniko kinafungwa pa! Nimefanya naye kazi miaka kumi na saba na biskuti ya pili sijawahi kuipata.

Nchi yetu hii iko chini ya usawa wa bahari. Tukizima pampu, tunaogelea. Kwa hiyo kazi yetu sisi ni kutoa maji, na tukubali tu kwamba kazi nyingine hatujui. Naomba msomaji alishike hilo, maana ndilo lililotuponza.

Nyumbani Harm ana tangi dogo la kioo lenye maji ya chumvi na matumbawe hai, urefu wake kama meza ya kahawa. Yeye ni mwanachama wa chama cha wafugaji wa samaki, na desturi ya chama hicho ni kutuma mkaguzi nyumba kwa nyumba. Mkaguzi anakaa sebuleni kwako, anakunywa kahawa yako, kisha analipatia tangi lako alama. Miaka miwili iliyopita alikuja Bwana van Zuilekom, mtu mwembamba mwenye tochi shingoni, akamulika huku na huku, akasema, “Bwana Wubbolts, huu si mwamba wa matumbawe. Hili ni tuta.”

Na alisema kweli. Harm alikuwa amepanga mawe yake kama alivyofundishwa kazini: tuta moja la kuzuia bahari, lililonyooka kutoka kioo hadi kioo, upande wa bahari mteremko wa polepole, upande wa nchi kavu mteremko mkali, na juu kabisa njia bapa ya mtu wa doria. Doria yenyewe ilikuwa ya kamba mmoja mwekundu. Nyuma ya tuta hakukuwa na kitu. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu bila kucheka, “Kule ni mashambani.”

Sasa, Fenna, mkewe, alifundisha chekechea maisha yake yote na hana mchezo. Alikuwa ameshanunua karavani, ile nyumba ya kukokotwa na gari, imeegeshwa mbele ya nyumba, na mpango wake ulikuwa Harm akishastaafu tu wawe wanakaa Ureno majira yote ya baridi. Lakini tangi la matumbawe haliachwi peke yake miezi mitano. Basi wakakubaliana hivi: mkaguzi akirudi mwaka huu na kulitunuku tangi daraja la kwanza, karavani inauzwa. Asipolitunuku, tangi linatafutiwa mwenyewe mwingine kabla ya siku ya kustaafu.

Harm alitueleza hayo wakati wa kahawa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akala biskuti mbili. “Bila lile tangi mimi nitaamka asubuhi niende wapi?” alisema. “Nitakaa kwenye sofa nitazamane na ukuta.” Jamani, nilimwonea huruma. Mtu ameangalia maji tangu ujana wake, leo umwondolee maji yote kwa mkupuo mmoja? Hapo ndipo Idara nzima ilipolivamia tangi la watu.

Kwanza ilibidi tuta libomolewe. Kusema ni rahisi. Mtu wa Mamlaka ya Maji kubomoa tuta kwa mkono wake ni sawa na mpishi kutema mate chunguni. Harm aliomba likizo ya siku nzima, nasi tukaenda wanne kumpa moyo. Alikunja shati, akatumbukiza mkono, akashika jiwe la katikati, kisha akautoa mkono. “Subirini kwanza,” akasema, akaenda dirishani kuangalia kama mvua inakuja. Hatimaye alipoling'oa jiwe lile, sote wanne tulirudi nyuma, tena tukijua kabisa tuko sebuleni. Maji hayakwenda popote. Lakini samaki wake wawili wa rangi ya chungwa walipenya kwenye lile pengo wakaenda mashambani kwa mara ya kwanza maishani mwao, wakapapenda.

Baada ya hapo kazi ilinoga. Mawe yalirundikwa upya mafungu matatu, moja refu na mawili mafupi, yenye mapango na njia za maji katikati. Zikaja taa mpya. Ukaja mtambo wa kuchuja uchafu kwa povu, ambao ulinguruma hadi Fenna akauliza kama tumeingiza trekta.

Kisha ukazuka mgogoro wa kiwango cha maji. Mitaro yetu ina kiwango cha kiangazi na kiwango cha majira ya baridi kilicho chini zaidi, kila mtoto wa hapa anajua. Luppo Dijkhuis, fundi umeme wetu, alibandika kwenye kioo kipande cha kipimo cha maji cha bluu na nyeupe, kama vile vya kwenye madaraja, na ilipofika Oktoba akateremsha maji ya tangi vidole viwili bila kumuuliza mtu. Matumbawe ya juu yakabaki hewani. “Mwambani hakuna Oktoba, wee Luppo!” Harm alifoka. Luppo naye hakukubali: “Na wakulima wakilalamika?” Suala hilo lilikula mapumziko ya kahawa ya wiki nzima, na nasikitika kusema kwamba lilipigiwa kura. Matumbawe yalishinda kwa kura moja.

Maji ya tangi hupungua kila siku kwa kugeuka mvuke, na Harm alikuwa akiyaongeza kwa jagi. Watu wenye akili hufunga kipampu cha kuongeza maji yakipungua. Luppo aliahidi kumfungia, na alimfungia kweli, siku moja kabla ya ukaguzi, kwa ustadi ule ule aliofungia pampu zote za maisha yake: maji yakipanda, yatolewe. Bomba likapita dirishani mpaka mtaroni nyuma ya nyumba. Na kwa kuwa ni mtu mwangalifu, akaiweka kwenye hali ya mvua kubwa, ambayo ikishawaka haizimiki yenyewe. Tuliikagua watu watano. Tukaipigia makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona tatizo.

Jumamosi ya ukaguzi, mwezi Machi, viti vilipangwa duara kama tufanyavyo siku ya kuzaliwa, kahawa ikamiminwa, na Bwana van Zuilekom akawasha tochi yake. Alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Harm, kwa wasiwasi, akaongeza maji kidogo ya mwisho ili yafike sawasawa kwenye mstari wa kipimo. Yakauvuka mstari kwa unywele. Pampu ikawaka. Ni pampu nzuri, tusiinyime sifa yake. Ilikuwa ya akiba ya Oude Til. Tangi likaanza kushuka tukilitazama, na mtaro nyuma ya nyumba ukaanza kupata chumvi.

Mtauliza kwa nini hatukuizima. Kanuni ya kwanza ya Idara, aliyoitunga Harm mwenyewe, inasema pampu ikiwa kazini haizimwi na mtu yeyote bila ruhusa ya ofisa wa zamu. Harm akatoa simu yake, akampigia ofisa wa zamu. Ofisa wa zamu wiki hiyo alikuwa Harm. Simu ya zamu ikalia kwenye mfuko wake wa pili. Akatuashiria tunyamaze, akaipokea. “Wubbolts,” alisema kwenye sikio moja. “Wubbolts hapa,” akajibu kwenye sikio la pili. Naapa aliomba ruhusa. Naapa pia kwamba alijiuliza, “Hali ya mtaro ikoje?” na akasita.

Fenna alitoka jikoni na sufuria ya supu ya njegere. Akalitazama tangi, akatutazama sisi, akamsukumia mkaguzi sufuria mikononi, akachomoa plagi.

Maji yalikuwa yamebaki kina cha sahani. Matumbawe yalichuruzika, na samaki wawili walikuwa wakirukaruka mchangani. Fenna akapiga magoti, akaingiza mikono yote miwili. “Njoo, Bertus. Njoo mwanangu, usiwaogope hawa wapumbavu. Na wewe Alida, tulia basi.” Akawachota kwa viganja pamoja na maji yaliyobaki, akawatia kwenye bakuli la saladi. Kisha akatutuma mbio bandani tulete madumu ya maji ya chumvi ambayo Harm huyaweka tayari.

Harm alibaki amesimama na simu zake mbili. Yeye hakuwahi kuwapa samaki wale majina. “Bertus ni nani?” aliuliza.

Fenna hakugeuka. “Miaka yote hii ukitoka na dhoruba nje, sijui utarudi au utaokotwa mtaroni, unadhani mimi nilikuwa naongea na nani? Nawasha taa ya tangi, nakaa hapa, naongea na Bertus.”

Harm akasema polepole kwamba yeye alidhani mkewe analichukia tangi. “Nachukia hiyo simu,” Fenna akajibu. “Ureno nimeichagua kwa sababu ukiwa huko hakuna wa kukuita. Ningekaa hata bandani, Harm, mradi mvua ikinyesha uwe nyumbani.”

Luppo alilia. Mimi pia nililia na sioni haya.

Bwana van Zuilekom, supu bado mikononi, alitoa hukumu yake: “Mpangilio wa mawe nimeuona vizuri kuliko katika tangi lolote nililowahi kukagua. Maji sikuyaona.” Daraja la pili. Harm ni mtu wa neno lake. Pale pale akauliza kama mkaguzi anamjua mtu wa kulichukua tangi. “Bertus haendi popote,” Fenna akasema, na mjadala ukafa.

Matumbawe yalifunguka kesho yake, maana yalijua kupwa na kujaa kabla yetu. Jumatatu Harm alijishtaki mwenyewe kwa kumwaga maji ya chumvi kwenye mtaro wa maji baridi, akajihoji, akajipa onyo kali. Kipampu kimefungwa upya na binti wa duka la samaki wa kufugwa. Ureno watakwenda wiki tatu tu, na sisi tutapokezana kulisha, kwa sharti la Fenna kwamba hakuna mtu wa Idara atakayegusa waya wowote.

Harm, asante kwa mashamba makavu, kwa baiskeli zote zile, na kwa kutufunza hata kula biskuti kwa adabu. Wewe na Fenna muwe na afya, kicheko, na maji yanayokaa mahali pake. Kuanzia Jumatatu zamu ni yangu. Ukisikia mvua inapiga vioo usiku, usiamke. Mkumbatie mkeo, ulale. Sisi tuko macho.

Trijntje Boelens, Idara ya Pampu