Marehemu Ahmada Ame Atapita Darajani

Assalaam alaykum, wazee wetu, mama zetu na ndugu nyote mliofika hapa Kwa Binti Kheri. Mimi ni Junaid, mtoto wa ndugu yake marehemu, na familia imenipa idhini niwasomee maisha ya ami yangu kabla hatujamnyanyua.

Marehemu Ahmada Ame Masoud alizaliwa Bwejuu tarehe 14 Machi 1948, akiwa wa nne kati ya watoto saba, akahitimu Kurani chuoni kwao akiwa na miaka kumi na moja, akaingia skuli, akaiacha darasa la saba baba yake alipofariki.

Mwezi Juni 1966 aliajiriwa kibarua wa kupaka rangi katika daraja la chuma la mji wetu huu, lile mnaloliona pale, lenye vyuma vilivyopandana pembetatu juu ya kijito, lililojengwa kabla babu zetu hawajaota ndevu. Huko alijifunza kazi iliyokuwa roho yake. Kila mwaka, kabla ya masika, alipita na nyundo ndogo akigonga ribiti moja moja, ile misumari minene inayofunga vyuma, akisikiliza, kwani nzima hulia kwa ukali, na iliyolegea hujibu kwa sauti nzito, kama mtu aliyekatizwa usingizi, na hiyo aliitia chaki mpaka ipigwe upya. Mwaka 1985 alihamishiwa Forodhani kupaka rangi mabenchi ya bustani, akarudi darajani baada ya siku tisa, bila ya barua ya kumrudisha.

Tarehe 2 Februari 1974 alimuoa Bi Zuleikha, wakajaaliwa watoto watatu, Nadhira, Anwar na Yusra. Bi Zuleikha mwenyewe ameniruhusu niseme kwamba daraja alikuwa akiliita mke mwenziwe, na paa la nyumba lilipovuja alimwambia mumewe mbele ya wageni, "Mke mwenzangu kila mwaka ana rangi mpya, mimi nna ndoo tatu kitandani!"

Mwaka 1998 lilijengwa daraja la zege kule njia kuu, na mwezi Oktoba wakaja watu na mitungi ya gesi kulikata hili la chuma, liuzwe chakavu. Marehemu alitandika mkeka katikati ya daraja, akakaa, Bi Zuleikha akamletea chai na muhogo, na mkubwa wa kazi alipomuuliza la nini tena hili na jipya lipo, alijibiwa, "Lile la magari. Hili la wenye miguu." Siku ya nne mkeka haukutosha, mji mzima ulikuwa umekaa, na Januari 1999 ikatoka ruhusa libaki la waendao kwa miguu. Tangu hapo hakumwonea mtu haya, hata Anwar, aliyejaribu kulipita na pikipiki, aliambiwa, "Teremka, baba, miguu hainywi petroli."

Mwaka 2022 aliugua figo, akamkabidhi Nadhira nyundo. Amefariki nyumbani kwake leo, Alhamisi, tarehe 7 Agosti 2025, alfajiri.

Wiki iliyopita darajani pametundikwa tangazo kwamba daraja limechakaa, limefungwa, litaondolewa, na asubuhi hii wenye tangazo wametushauri tumpeleke marehemu makaburini ng'ambo kwa gari, kwa njia kuu. Tunashukuru kwa ushauri. Hatuufuati. Daraja lililobeba malori ya nazi leo linaogopewa kumbeba mzee wa kilo hamsini?

Wakati baba yake anaoshwa, Nadhira amegonga ribiti zote, mia nne na kumi na mbili. Mbili zimejibu kwa uzito, zote za ukingo wa kushoto, zina chaki, basi tusiegemee huko, na tupokezane jeneza kwa zamu, watu kumi kumi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia miaka mitatu, majirani waliokesha nasi, na mafundi wenzake waliofika, wengine kwa mikongojo. Bi Zuleikha tulimuuliza njia ipi, akatujibu bila ya kuinua uso, "Mpitisheni kwa mke mwenzangu, naye amuage."

Mwenyezi Mungu akulaze mahala pema, ami. Kabla ya masika yajayo daraja litapakwa rangi, na atakayekuja na gesi atatukuta mkekani. Ndugu zangu, mnyanyueni. Tunakwenda kwa miguu.