Miaka Thelathini na Mmoja Bila Kifutio

Leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba, mwalimu wetu wa sanaa anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja shuleni hapa. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Usifute, na wapo waliomaliza shule bila kujua kwamba ana jina jingine. Mimi ninayeandika nafundisha hesabu chumba cha jirani. Kwa miaka kumi na minane kicheko chake kimepenya ukutani kila nilipofika sehemu ngumu ya somo.

Alipoanza kazi alipewa stoo ya mafagio iwe darasa lake. Mafagio hayakuondoka, wanafunzi waliambiwa wayachore. Siku ileile alikusanya vifutio vyote kwenye kopo la maziwa, akalifunga, akatangaza kwamba kwake kosa halifutwi: unaliacha lilipo, unageuza ukurasa, unajaribu tena. Kopo hilo lipo mpaka leo, limejaa pomoni, na kazi yake ni kuzuia mlango usijifunge.

Katika chumba cha walimu hakuwa malaika. Alichovya brashi kwenye chai yangu mara nne, na mashahidi ninao. Majani ya chai yalikuwa yakiisha kabla ya katikati ya mwezi, mpaka tulipogundua kwamba michoro yote ya kidato cha pili ina rangi ileile ya kahawia. Kwenye vikao virefu alimchora makamu mkuu akisinzia. Makamu asiwe na wasiwasi, michoro hiyo imetunzwa vizuri.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimemdhulumu. Kazi yake kubwa kuliko zote ni mradi wa kupinga uonevu alioufanya miaka sita iliyopita.

Ulianza vibaya. Aliwaagiza kidato cha tatu wachore mabango ya kupinga uonevu, wakaleta mabango thelathini na nane yenye ngumi thelathini na nane. Aliyabandika yote, akayatazama, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akakiri mbele yao kwamba kosa ni lake, kwani hapa shuleni hakuna aliyewahi kuonewa kwa ngumi kama zile. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akawapa madaftari matupu na sharti jipya: kila mmoja ajaribu mara ishirini kuchora uonevu anaoujua yeye, bila kuchora ngumi wala uso. Wachore kwa mkaa, kwa mkono wasiouzoea, kwa vipande vya karatasi na, bila shaka, kwa chai yetu.

Darasani humo mlikuwa na binti ambaye muhula mzima hakuwa amefungua kinywa. Mama yake alikuwa ameshachukua fomu ya uhamisho, ikabaki kuijaza tu. Mwalimu Usifute alimwomba mama huyo wiki mbili, bila kumwahidi chochote.

Binti akachora benchi la bwaloni. Jaribio la kwanza benchi, la pili benchi, la tisa benchi. Viatu vya wenzake vimebanana upande mmoja, vyake viko peke yake upande wa pili, katikati pengo. Kila jaribio pengo lilipanuka. Kwenye jaribio la kumi na nne, nyuma ya benchi, vilipita viatu vikubwa: kimoja kina kamba ya bluu, kingine nyeusi.

Viatu hivyo ni vyangu. Mwalimu wa zamu bwaloni muhula ule nilikuwa mimi. Pengo nililiona kila mchana, nikajiambia mtoto anapenda kula kwa nafasi. Mpaka leo nikikumbuka roho hunisuta. Nilimwendea mwenzangu kujitetea, alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Usifute, bwana. Geuza ukurasa."

Jaribio la ishirini lilikuwa ukurasa mrefu wenye mikunjo miwili. Ukiukunja, pengo linamezwa na viatu vyote vinakaa pamoja. Siku ya maonyesho madaftari yaliwekwa mezani na kibao kilichosema "Gusa." Wasichana wa benchi lile walivitambua viatu vyao mara moja. Mmoja wao akaukunja ukurasa taratibu. Kesho yake bwaloni alihamisha sahani yake, akakaa penye pengo. Binti akamsogezea jagi la maji. Wengine walifuata mmoja mmoja. Ilichukua wiki nzima.

Mama alirudisha fomu ikiwa tupu, nayo imebandikwa mwishoni mwa daftari lile. Tangu hapo kila kidato cha tatu hufanya majaribio yake ishirini, na mwalimu wa zamu hatembeitembei tena bwaloni. Anakaa na kula na wanafunzi.

Mwalimu, asante kwa makosa yetu yote uliyokataa tuyafute. Kamati imekuandalia kiti cha heshima mbele, chenye kitambaa, lakini wanafunzi wako wa zamani wamekipinga. Binti yule amekuja, na aliyeukunja ukurasa amekuja, na katikati yao wamekushikia nafasi kwenye benchi lilelile. Mwishoni mwa benchi ni pangu. Nenda ukapumzike ukiwa na afya njema, na popote utakapokaa, usikose wa kubanana naye.