Jaa Tuliloomba Lifukiwe

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani wetu, wazee, kina mama na watoto, hamjambo.

Karibu Bondeni, hapa jirani na Kiandutu. Utuwie radhi kwa kukuketisha juani. Viti tulikuwa tumevipanga ndani, asubuhi tukavitoa, na sababu tutakueleza.

HISTORIA

Hapa palikuwa jaa la taka. Mwaka 1994 tulikusomea risala, tukakusihi jaa lifukiwe kwa sababu ya nzi na uvundo. Ulitusikia. Malori yalimwaga udongo wa mfinyanzi, tingatinga likaushindilia, nasi tukakupigia makofi.

MAFANIKIO

Nzi waliisha. Juu ya jaa hilo umetujengea shule ya nasari ya vyumba viwili na jiko. Watoto arobaini wanaanza Jumatatu.

MATATIZO

Mahindi kando ya ukuta yalinyauka na mvua ikinyesha. Madimbwi yakawa yanatokota kama uji, ilhali maji ni baridi. Tulicheka tu.

Kisha Jumanne mpishi wetu, Mama Ngendo, aliwasha kiberiti ajaribu jiko. Moto ulikimbia kwenye ufa wa sakafu hadi mlangoni. Alitoka mbio akipiga mayowe, "Ngai! Simiti inawaka! Na hata sijaweka makaa!" Ndiye yule wa mstari wa mbele, mwenye bandeji mikononi.

Mwalimu Apiyo, anayefundisha sayansi sekondari, alitufafanulia. Taka zikizikwa pasipo hewa huliwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo hutoa gesi ya methani. Haina harufu, na hushika moto. Zamani ilijipotelea hewani. Sasa tumeifunika, kwa hiyo inapenya chini kwa chini, inatokea penye ufa na kujaa chumbani. Itaendelea hivyo miaka mingi.

Kwa hiyo ombi letu lile ndilo lililoifungia humu. Kosa ni letu, Mheshimiwa, na tunaona aibu kulisema mbele ya wageni.

MAOMBI

Ratiba inasema utakata utepe, kisha uwashe jiko kwa mara ya kwanza. Tunajua wapiga picha wamefika, na mwaka huu ni wa uchaguzi. Hata hivyo tunaomba usikate. Ufunge mlango huu leo, watoto wasomee kanisani mpaka tupate kiwanja kingine, na jaa liwekewe mabomba ya kutoa gesi juu. Ukiona tumekukosea adabu, tukasirikie sisi. Tunaogopa Jumatatu kuliko tunavyokuogopa wewe.

Mungu akulinde, akurudishe kwako salama. Kile kiberiti ulichowekewa mezani tumekiondoa wenyewe.

Ni sisi,
Wazazi wa Nasari ya Bondeni, Thika
Imesomwa na katibu, Beth Wamboi
Aprili 1997