Bi. Sauda Rehani na Wazazi Walioishia Barazani

Ifikapo tarehe 30 Juni 2025, Bi. Sauda Rehani, katibu muhtasi wa shule yetu ya sekondari hapa nje kidogo ya mji wa Lindi, atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne kazini, na sheria inamtaka apumzike. Mwenyewe hana dalili ya kuchoka. Juzi tu amenijia juu kwa barua niliyoandika bila kumbukumbu namba, nikajisemea moyoni kwamba huyu wangemwongezea kumi.

Alianza mwaka 1991 na mashine ya chapa isiyokuwa na herufi K. Kila barua ilipotoka alikaa na kalamu kuzijaza K moja moja, na wapo wanaoapa kwamba hakuwahi kuruka hata moja. Amefanya kazi na wakuu wa shule tisa, wote akiwaita mwanangu, pamoja na yule aliyemzidi umri. Kompyuta aliimudu ndani ya mwezi. Printa ndiyo walishindwana, na ikitafuna karatasi utamsikia akiifokea kama mbuzi aliyeingia kwenye mihogo.

Lakini kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, ilikuwa kuwafikisha wazazi ndani ya ofisi.

Tusidanganyane, jamani. Wapo wazazi wetu wa mjini, wenye ofisi na maduka. Hao hupiga simu kwanza, hukaa bila kukaribishwa, hukunja nne na kuuliza kwa nini mtoto amepata C. Na wapo wakulima wa korosho na ufuta wa vijiji vya ndani, wanaotoka kwao alfajiri, wakifika wanasimama barazani, wanakubali kila wanachoambiwa, wanaacha kifurushi cha korosho na kwenda zao. Sisi walimu tulikuwa tunasema wale wa kwanza wanajali watoto wao na hawa wa pili hawajali. Tulisema hivyo kwa miaka, tena mbele ya Bi. Sauda, naye akitutazama tu juu ya miwani.

Jambo moja hakulifanyia masihara. Wazee wa vijijini wana mtindo wa kumwamkia mwalimu shikamoo, hata awe mwalimu wa juzi. Nilipokuwa na miezi miwili kazini, mzee wa rika la babu yangu aliniamkia, nami nikaitikia marahaba kwa raha zangu. Lahaula! Bi. Sauda alinisuta mbele ya ofisi nzima, akanirudisha barazani nikamwamkie yule mzee upya. Sijarudia.

Sasa niseme la Februari 2019. Nimemwomba ruhusa nilisimulie, na aibu yake ni yangu peke yangu.

Nilikuwa mwalimu wa taaluma, na mimi ndiye niliyepanga nani wa kidato cha tatu aingie mchepuo wa sayansi. Maabara ilikuwa na nafasi arobaini, basi. Tulitoa orodha kwa alama, tukawaandikia wazazi waje kuthibitisha ndani ya wiki mbili. Bwana Kibwana, ofisa mmoja wa mjini, alikuja siku ya pili tu, ingawa mwanawe alikuwa wa arobaini na moja. Alikaa nami saa nzima, akauliza vizuri, akajieleza vizuri, nikamwona baba anayejali. Wiki mbili zilipoisha, binti mmoja aitwaye Siti, wa tisa kwa alama, mzazi wake alikuwa hajaonekana. Nikaandika kwa mkono wangu huu: mzazi hana mwitikio. Nikamhamishia Siti mchepuo wa sanaa, na nafasi yake nikampa mtoto wa Bwana Kibwana.

Siti alitaka kusomea maabara, na bila fizikia na kemia ndoto hiyo ilikuwa imekwisha. Alilia siku mbili. Mimi nilijiambia atazoea.

Bi. Sauda alikuwa likizo. Aliporudi na kumkuta binti ana macho yaliyovimba, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua daftari la wageni, akalipekua, akaniwekea mezani na kidole juu ya mstari. Tarehe 6 Februari: Twalib Abilahi. Baada ya jina, safu ya cheo ilikuwa tupu, sababu ya kuja tupu, sahihi tupu. Tarehe 12 hivyo hivyo. Baba yake Siti alikuwa amekuja mara mbili.

Mchana huohuo Bi. Sauda alipanda bodaboda mpaka kijijini kwao, matope na yote, akamkuta Mzee Twalib anapalilia. Na mzee ndiye aliyeomba radhi! Mtu tuliyemweka mapokezi kwa muda alikuwa amemwambia ajaze kila safu ndipo aingie. Mzee alisoma waliomtangulia, meneja, mhasibu, ofisa ugavi, akaona pale hana la kuandika, akaweka kalamu chini, akaaga kwa adabu. Mara zote mbili. Alimwambia Bi. Sauda kwamba walimu wakishapanga, yeye mshika jembe ni nani hata apangue, na hata angeingia angesema nini. Siti alimsihi aende mara ya tatu, akashindwa, na tangu siku hiyo baba na binti walikuwa wanakula bila kutazamana.

Jumatatu mzee alifika, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Bi. Sauda alikuwa amekwisha kuikata ile safu ya cheo kwa rula na kuandika juu yake: mzazi wa nani. Mzee Twalib akaandika Siti, bila kusita, akaingia, akakaa. Nilimwomba radhi mbele ya mkuu wa shule, na siku hiyohiyo binti akarudi sayansi.

Bwana Kibwana tulipomwita alikasirika, na sishangai. Alitishia kwenda kwa wakubwa. Bi. Sauda alimpa maji, akamwacha aseme mpaka akaishiwa. Alipotoka tukaanza kumcheka, Bi. Sauda akatukatiza. Alisema yule ni baba aliyempigania mwanawe kwa njia anayoijua, kosa ni letu tuliompa kisichokuwa chake. Kijana akahamia shule nyingine, na siku ya kuondoka Bi. Sauda ndiye aliyemsindikiza mpaka kituo cha basi. Alirudi macho mekundu, akachapa barua mpaka jioni.

Baada ya hapo alitubana kweli kweli. Barua ya wito ikawa haitoki mezani kwake mpaka iseme mzazi anaitiwa nini, maana wengi wakiitwa hudhani mtoto ameharibu. Kikao cha wazazi kikaondolewa msimu wa korosho. Mwalimu aliyesema mzazi fulani hajali aliulizwa amemwuliza lini huyo mzazi.

Siti yuko chuoni, anasomea maabara, mwaka wa pili. Baba yake bado ana binti mwingine kwetu, Maimuna, kidato cha pili. Mwezi uliopita Mzee Twalib alikuja bila barua wala wito wa mtu. Akaomba kumwona mwalimu wa hisabati. Akakaa, akaweka kofia gotini, akatoa daftari la Maimuna na kuuliza kwa nini mazoezi ya wiki tatu hayajasahihishwa, kisha akasema kwa upole kabisa kwamba hatoki mpaka atajiwe siku.

Mwalimu wa hisabati ni mimi. Nilijikanyaga vibaya mno. Nikamtupia jicho Bi. Sauda aniokoe, naye akatoka na kutufungia mlango ili mzee aseme kwa nafasi. Nikataja Alhamisi, na Alhamisi mazoezi yalikuwa tayari.

Ahsante, Bi. Sauda. Sisi uliotulea tukidhani tunakusimamia tunakuombea afya, umri na raha tele huko Mitwero nyumbani kwako. Na siku yoyote ukiona tunakosea, njoo utulalamikie.

Mwl. Bakary Rashidi
Kwa niaba ya wafanyakazi wote