Mwalimu Egoyibo Anabaki Shuleni

Ndugu wa Amaozara alikozaliwa, wakwe wa Umudiaba alikoolewa, Padre, walimu, wanafunzi wa zamani na wa sasa, na Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, ambaye amekuja ingawa alituandikia barua kwamba shughuli hii isifanyike hapa: karibuni. Kaeni wima. Marehemu hakupenda mtu asinzie mbele yake.

Mwalimu Eucharia Egoyibo Anyadiegwu alizaliwa hapa Amaozara tarehe 17 Septemba 1941, mtoto wa tatu wa Mzee Okpalaeke, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, na mkewe Mgbafor. Mwaka 1954 Mzee Okpalaeke aliwapa wamisheni uwanja huu tuliokalia, wahamishie hapa shule yao, akaweka sharti moja mbele ya mashahidi: wasichana wafundishwe hapa. Siku wasipofundishwa, ardhi inarudi kwa ukoo. Ndugu zake walimcheka.

"Unamsomesha binti? Atakupikia vitabu?"

"Atapika," mzee akajibu, "na wewe hutaalikwa."

Egoyibo alisoma shule ya misheni hapa kijijini kuanzia 1948 hadi 1955, kisha chuo cha ualimu kule Owerri, 1957 hadi 1960. Januari 1961 alirudi kufundisha kwenye uwanja wa baba yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa, viatu jozi moja, na sauti iliyofika mpaka sokoni.

Walioshuhudia ndoa yake, Jumamosi ya tarehe 28 Desemba 1963, mpaka leo wanaisimulia. Bwana Celestine Anyadiegwu, karani wa reli kule Umuahia, alikuwa amekaa katikati ya wanaume akingoja bibi harusi amletee kikombe cha mvinyo wa mnazi, apige goti, ampe anywe, watu wapige vigelegele. Egoyibo akaja na kikombe, akampita. Akazunguka, akampita tena. Wakwe wakaanza kutazamana. Mara ya tatu akasimama mbele yake.

"Utaniacha nifundishe?"

"Mama wee, nani anaweza kukuzuia?"

"Hilo si jibu."

"Utafundisha! Utafundisha mpaka uchoke. Nipe basi, mkono wako unatetemeka."

"Hautetemeki," akasema, akapiga goti. Na kweli mvinyo haukumwagika hata tone. Wiki iliyofuata bwana huyo alishusha kipande cha chuma cha reli begani, yeye na rafiki zake wawili wakitokwa jasho, wakakitundika pale langoni. Ndiyo kengele mnayoiona. Mungu aliwajalia watoto wanne. Bwana Celestine alifariki mwaka 2004 na amezikwa kwake Umudiaba. Kabla hajafa alimwambia mwanawe mkubwa, "Msinichimbie kaburi la watu wawili. Huyu mama yenu hajawahi kukaa mahali alipowekwa."

Vita vilipofika huku mwaka 1968, madarasa yakajaa wakimbizi. Mwalimu akahamishia masomo kwenye ghala la viazi vikuu la kaka yake. Chaki hakuna, daftari hakuna. Waliandika kwa mkaa juu ya milango iliyong'olewa. Kati ya watoto wa wakimbizi alikuwepo mmoja wa miaka saba, hajui herufi hata moja, Sylvanus Duruoha. Mwalimu alimshika mkono wiki tatu mpaka akaweza kuandika jina lake lote. Jina hilo ndilo lililo chini ya barua ya kutukataza kuzika. Mwandiko mzuri, Mheshimiwa. Mwalimu angekupa alama zote za mwandiko.

Baada ya vita alikuwa mwalimu mkuu. Mwaka 1979 wanawake wa soko la Eke walimsukuma agombee, akashinda, akaingia Baraza la Wawakilishi la jimbo. Wapo wanaodhani alikwenda kule kuvaa vitambaa vizuri. Siku moja ya Machi 1981 alisimama kuomba madawati ya shule za vijijini. Spika akamwambia, "Mama, tumekusikia, sasa keti."

"Nitaketi watoto wangu wakiketi, Mheshimiwa. Wao wanasoma wakiwa wamesimama tangu Januari."

Akabaki wima. Wenzake walihutubia, walikula karanga, walipiga kura, waliaga, yeye wima. Kesho yake akaja, akasimama tena. Siku ya tatu Spika akauliza kwa sauti ya kuchoka, "Huyu mama anataka madawati mangapi?" Yakaja mia mbili na arobaini. Mengine bado yako darasa la nne, yakalieni kwa adabu.

Tarehe 31 Desemba 1983 wanajeshi walichukua nchi, baraza likavunjwa, na gari lake likachukuliwa. Alirudi nyumbani juu ya lori la mihogo. Siku ya kufungua shule alikuwa langoni kabla ya saa mbili, anagonga chuma. Wakamwuliza, "Mwalimu, huoni haya? Jana Mheshimiwa, leo chaki?" Akasema, "Ya jana ndiyo ilikuwa kazi ya muda." Alistaafu ualimu mwaka 1996, akarudi barazani mwaka 1999, na mwaka 2003 chama kikamwacha kwa sababu alikataa kuinua mkono uwanja huu ukodishwe. Hakulia. Alisema mkono ni wake.

Mei 2016 tingatinga lilikuja hapa kusafisha mahali pa stendi ya mabasi na maduka. Mwalimu, miaka sabini na minne, alileta kiti chake, akaketi mbele ya lile dude, akafungua daftari la mahudhurio na kuanza kuita majina. Watoto wakaitika mmoja mmoja. Alipomaliza akamtazama dereva.

"Na wewe jina lako?"

"Ogbonnaya, Mwalimu."

"Ogbonnaya umehudhuria. Zima mashine, ukae nyuma."

Akazima. Halmashauri ilimwita dereva huyo mara mbili kwa simu, hakupokea. Yuko hapa leo, Mungu ambariki.

Septemba mwaka huo alipigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Alikaa hospitali wiki tano. Aliporudi aliomba apelekwe darasa la kwanza, akaketi dawati la mbele, na watoto wa miaka sita wakamfundisha kuandika kwa mkono wa kushoto. Walikuwa wakali. Chinasa, ambaye sasa yuko darasa la pili, alimwambia, "Bibi Mwalimu, herufi yako imelala, iamshe." Naye akaifuta, akaanza upya. Kwa mkono huo aliandika karatasi iliyosomwa mbele ya Padre: *Nizikeni kwenye uwanja wa baba yangu, langoni.*

Alifariki Jumanne tarehe 2 Januari 2018, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwa binti yake Nkemdirim, akiwa na miaka sabini na sita. Maneno yake ya mwisho yalikuwa kuuliza shule inafunguliwa lini.

Halmashauri ikasema karatasi ile si ya marehemu, mwandiko ni wa mtoto. Ni kweli, aliupata kwa watoto. Ikasema azikwe Umudiaba kando ya mumewe, kwa heshima zote, jeneza la vioo na bendi ya tarumbeta. Hapa kwetu lakini mwanamke hazikwi mpaka mabinti wa ukoo wake wa kuzaliwa waseme ndiyo, na wakitaka kumrudisha kwao hakuna wa kuwazuia. Mtu mzima aliyekulia hapa analijua hilo. Mheshimiwa alikulia mjini. Akatuma mbuzi dume mnono, magunia mawili ya mchele na kreti za bia, ili wenye kauli wale, wakubali. Akawapelekea wake wa ukoo wa Umudiaba!

Wake wa Umudiaba wakamchinja mbuzi. Wakapika mchuzi wa pilipili, harufu ikatufikia mpaka huku. Mjumbe wake alipokuja kuuliza jibu, Mama Ugboaku, mkubwa wa mabinti wa Amaozara, alimpokea vizuri.

"Mbuzi mlimwona, mama?"

"Mbuzi gani, mwanangu?"

"Wa Mheshimiwa. Waliokula wamekubali."

"Waulize waliokula, basi. Sisi tuna njaa."

Mjumbe akavuka kwenda Umudiaba. Wale wake wakamwambia, wakiwa bado wanajifuta midomo, "Sisi tumeolewa tu huku, kaka. Tunakula, hatuamui. Ila msalimie Mheshimiwa, nyama ilikuwa laini." Mwana mkubwa wa marehemu, Onyekwere, akasimama mbele ya wazee wa baba yake, akasema mama yake anarudi kwao na yeye ndiye atakayemsindikiza. Vijana wa kuchimba kaburi walikuwa wametishwa. Mabinti wa ukoo wakafunga vitenge viunoni, wakachimba wenyewe jana asubuhi, wa kwanza kushika jembe akiwa Mama Ugboaku mwenye miaka themanini na moja. Kaburi mnaliona. Limenyooka.

Marehemu ameacha watoto wanne: Onyekwere, Nkemdirim, Ozioma na Sista Perpetua; wajukuu kumi na mmoja; kitukuu mmoja; mdogo wake Ihuoma; mabinti wote wa Amaozara; na wanafunzi ambao hata yeye aliacha kuwahesabu, wakiwemo wanaoandika barua.

Jumatatu saa mbili asubuhi chuma cha reli kitagongwa, na wasichana mia tatu watapita kando ya kaburi hili kuingia darasani. Tingatinga likirudi litamkuta Mwalimu langoni, na safari hii hawana mahali pa kumhamishia.

Apumzike kwa amani, hapa hapa alipo.