Nyota, Samaki na Sungura: Maisha ya Fundi Maua

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Maua, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa pili wa mshona viatu na mkewe. Katika tumbo lile amebaki dada yake, wifi yangu.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia 1973 hadi 1979. Wifi anasema alichapwa kwa kukata picha za kitabu cha darasa. Mwalimu alipomuuliza sababu, alijibu, "Mwalimu, hawa ng'ombe walikuwa wamebanana." Hakuendelea na sekondari.

Mwaka 1981 aliajiriwa katika kiwanda cha maboksi, akajifunza kutengeneza kalibu. Unakunja wembe mrefu wa chuma kufuata mchoro, unaupigilia kwenye ubao, kisha mashine inaukandamiza juu ya karatasi na umbo linakatika. Mwaka 1990 alifungua karakana yake katika chumba cha mbele cha nyumba ambayo baadaye ikawa yetu. Alibuni maua, majani na vipepeo vya kubandika kwenye kadi, albamu na maboksi ya zawadi. Kila wembe aliutia pengo dogo kwa tupa, ili umbo lisidondoke ovyo, libaki limeshikwa na karatasi yake mpaka mtu alisukume kwa kidole. Bibi harusi mmoja aliporudisha maua akidai yamezidi, Fundi alimwambia, "Dada, kaa nayo. Yale mabichi yatanyauka kesho."

Tulifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992. Yeye alichora na kukunja, mimi nilikandamiza na kupanga. Mimi sikusoma, na kwa hilo hakunicheka hata siku moja. Alikuwa na desturi: kila mtoto alipozaliwa alimtengenezea kalibu yake, isiyouzwa kwa mteja yeyote. Binti yetu alipata nyota. Mdogo wake wa kiume alipata samaki. Maumbo hayo yalitoka siku zao za kuzaliwa tu.

Mwaka 2009, nikifagia karakana, nilikuta kalibu mpya ya sungura. Nikamuuliza, "Nani kaagiza sungura?"

"Mteja."

"Mteja gani anaagiza sungura mmoja?"

Akasema, "Mama watoto, chai inapoa." Hakukuwa na chai mezani. Ndivyo nilivyojua. Miaka iliyofuata, kila Jumamosi alivaa shati safi akapeleka oda ng'ambo ya reli, nami nikabaki nakandamiza maua ya harusi za watu. Hakuniomba radhi, na sitasimama hapa nikasema aliomba.

Februari 2023 alipooza upande wa kulia, asiweze tena kukunja wembe. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimgeuza. Tulizungumza machache. Jioni moja aliniuliza kwa ule upande wa mdomo uliobaki, "Sungura yuko wapi?" Nikamjibu, "Yupo juu ya kabati." Akafumba macho. Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Juni 2024. Nilikuwa nakunja shuka.

Tulipokaa kuandika maneno haya, wifi alisema, "Wifi yangu, yule mtoto wa nje muache. Watu wana midomo." Binti yangu, aliyekuwa ameshika kalamu, akasema, "Mama, ana miaka kumi na tano. Kesho atasimama wapi?" Nilikwenda karakana, nikapanda kiti, nikashusha kalibu ya sungura.

Karatasi mliyoshika ina maumbo matatu pembeni. Nimeyakandamiza mwenyewe. Bado yameshikwa mahali pake. Naomba msiyasukume, yana wenyewe.

Marehemu ameacha mjane, dada mmoja, na watoto watatu: binti mwenye nyota, kijana mwenye samaki na binti mwenye sungura. Huyo wa tatu, popote aliposimama, asogee mbele walipo nduguze. Mama yake abaki alipo.

Fundi amemaliza kazi. Amani aliyoikosa nyumbani aipate huko anakokwenda, apumzike.